Nililia Sikonge Kabla ya Kuuliza

Ninyi vijana wa kwaya, na ninyi wajukuu zangu mnaosoma haraka kuliko mnavyofikiri, kaeni chini. Tangu nimerudi kutoka Sikonge sina raha njiani. Nikienda kuchota maji, "Bibi, tusimulie." Nikienda sokoni Mpuguso, "Bibi, ni kweli ulilia mpaka ukaangusha jogoo?" Kila mtu ana habari yake, na nyingi ni za uongo. Jogoo sikumwangusha mimi. Kwa hiyo naandika mara moja, msome, mwache kunisimamisha nikiwa na mzigo kichwani.

Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta mahali nimekosea, rekebisheni kimoyomoyo mwendelee.

Sababu ya safari ni hii. Binti yangu wa mwisho, Atupele, ni mwalimu huko Sikonge, mkoa wa Tabora. Ameolewa na Mnyamwezi anaitwa Masanja. Mvua zilipoanza alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakuishi. Walimzika siku ileile. Mimi nikaja kuambiwa baadaye kwa simu, na njia ilikuwa imekatwa na maji, wakasema nisijisumbue, mambo yameshakwisha.

Mambo hayakuwa yamekwisha. Atupele akawa halali usingizi. Chakula anakizungusha kwenye sahani mpaka kinapoa. Hospitali wakampima kila kitu, wakasema mwili hauna ugonjwa, ni mawazo yamemlemea. Mwanangu Ipyana akaniambia, "Mama, hiyo inaitwa stresi." Nikamwambia jina silitaki, nataka dawa yake.

Halafu jioni moja Atupele akanipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa kavu kama pumba. Akasema, "Mama, nikipiga magoti sina cha kusema. Nimefika mwisho." Nikamuuliza mwisho wa nini. Simu ikakatika.

Mtu akikuambia amechoka kulima, unamwambia apumzike. Akikuambia amefika mwisho, unatafuta viatu.

Lufingo hadi Tukuyu mjini

Babu yenu alitaka kwenda yeye. Nikamwambia, "Mguu wako huo wewe utakufikisha Tukuyu, halafu utaomba kurudi." Akacheka, akakubali, lakini akakaa nje akiangalia migomba muda mrefu.

Mkamwana wangu, mke wa Ipyana, alinifungia mizigo: ndizi za kupika, maharage, majani ya chai, na gunia dogo la maparachichi. Kijana wa bodaboda alipouona alishika kiuno.

"Bibi, huu mzigo ni wa lori."

"Wewe ni dereva au ni mzani?"

"Ni dereva, bibi."

"Basi endesha."

Tukaenda. Mvua ilikuwa ya kwetu ile, haipigi kelele lakini haiachi. Kwenye mteremko, karibu na mashamba ya chai, pikipiki ikateleza taratibu, ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Sisi hatukuumia. Gunia likafunguka, maparachichi yakateremka barabarani yakishindana.

Walikuwepo wanawake wachuma chai wanatoka shambani, vikapu mgongoni. Wakayakimbilia. Wakanirudishia karibu yote. Mengine niliona yanaingia kwenye vikapu, sikusema kitu, ndiyo malipo. Wakaniuliza naenda wapi na mzigo wa harusi. Nikawaambia naenda kwa binti yangu aliyefiwa na mtoto na sasa halali. Yule mkubwa wao akasema, "Simameni." Tukasimama palepale kwenye matope. Akaomba, "Mungu, huyu mama anakwenda mbali. Mtangulie. Amina." Sala ya wachuma chai ni fupi, maana majani yakikaa sana kikapuni yanaungua. Lakini niliisikia mpaka kwenye mifupa.

Tukuyu hadi Mbeya

Kwenye basi la Mbeya nilikaa na Bi Zuhura. Ninyi wa Tukuyu mnamjua: anauza vitenge na asali karibu na soko. Babu yake alitoka Kilwa akiwa fundi seremala, akaoa hapa, pwani hakurudi tena. Yeye mwenyewe amezaliwa Tukuyu, anasikia Kinyakyusa kuliko wajukuu zangu.

"Mama Ipyana, unahama?"

"Naenda Sikonge."

"Sikonge hii ya asali? Mbona hata mimi nakwenda hukohuko kununua! Basi nimepata mlinzi."

"Mimi si mlinzi wako. Sogeza hilo dumu, linanikanyaga."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulipofika Isongole, juu mlimani, baridi ikaingia mpaka kwenye meno. Akatoa vitumbua vya moto moto kutoka kwenye kapu, nami nikatoa ndizi zangu za kuchemsha. Kitumbua chake nilikila. Ndizi yangu aliigeuzageuza, akasema, "Mwenzangu, hii haina chumvi wala nazi." Nikamwambia, "Ina Rungwe ndani yake. Kula." Akala tatu.

Mbeya tulilala kwa ndugu yake. Hayo siyaandiki, tulilala tu.

Mbeya hadi Makongolosi

Barabara ya Chunya inapanda mlima mpaka unadhani dereva anataka kumsalimia Mungu uso kwa uso. Upande mmoja jabali, upande mwingine hakuna kitu, mawingu yako chini yako. Ndani ya basi watu waliokuwa wanabishana mpira wote wakawa kimya. Mimi nikashika kiti cha mbele nikaanza kuongea na Yesu. Bi Zuhura alikuwa anasoma dua yake kwa sauti ndogo, midomo inakimbia. Tulipofika juu akanifungulia jicho moja.

"Umemaliza?"

"Bado kuteremka."

"Basi na mimi naendelea."

Chunya kukawa joto. Makongolosi zaidi. Wachimba dhahabu kila mahali, nguo zao za rangi ya udongo, wote wanaongea kwa sauti kana kwamba kila mtu yuko shimoni. Tukashuka kula. Nikamwambia mama ntilie, "Nipe ndizi na nyama." Akaniangalia, akaenda, akarudi na nyama kwenye sahani na pembeni kaweka ndizi mbivu moja, imemenywa nusu.

"Hii nini?"

"Ndizi, mama."

"Hii ni ya mtoto. Nataka ya chakula."

"Chakula ni ugali, mama. Ndizi ni tunda."

Bi Zuhura alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Nikala ugali. Ile ndizi nikaila pia, sitaki kutupa vya Mungu.

Simu yangu ilizimika hapo Makongolosi kwa kuisha chaji. Mara ya mwisho kuongea na mkwe wangu nilimwambia tutafika kesho mchana. Yeye akaniambia Atupele yuko ndani tu, hasemi. Nikakumbuka ule "mwisho" wake, nikawa wa kwanza kurudi kwenye basi.

Porini

Kutoka Makongolosi kwenda mbele ni pori. Unaenda, unaenda, hakuna paa. Nilikuwa nimevaa sare yangu ya umoja wa wanawake kanisani, blauzi ya buluu, ili nikifika kwa watu wageni wajue mara moja mimi ni mtu wa namna gani. Mbung'o nao wakajua. Waliingia kupitia dirisha la dereva, wakaruka watu wote, wakaja kwangu.

Kondakta akasema, "Mama, mbung'o wanapenda buluu. Hiyo blauzi inawaita."

"Ningeijua hiyo Lufingo, ningevaa gunia."

Bi Zuhura akanivika kitenge chake cha njano juu ya sare. Akasema, "Leo umeokolewa na Mwislamu." Nikamwambia, "Mungu anatumia chochote alicho nacho karibu."

Jioni ilipokaribia, basi likapiga kelele chini, likaegemea upande mmoja. Springi imevunjika. Dereva akasema nyingine itatoka Makongolosi. Wengine wakatukana, wengine wakakaa chini. Tulilala humo ndani ya basi, asubuhi springi haijafika.

Hapo ndipo mimi nilipoelemewa. Sitawaficha. Nilikuwa nawaza: mwanangu amesema amefika mwisho, na mimi nimekaa porini nachuna kupe. Sasa mimi nikielemewa nina njia moja tu, niliyofundishwa na mama yangu shambani: naondoka mbele za watu, namwambia Mungu yote kwa sauti, bila kupamba. Si kwa maneno ya madhabahuni. Kwa Kinyakyusa, kama ninavyoongea na Babu yenu akichelewa.

Nikatembea mpaka kwenye kichuguu kirefu, nikapanda juu, nikaanza. "Kyala, Wewe unaniona nilipo? Nani amevunja springi? Nimekutumikia tangu msichana, sijawahi kukuomba gari. Leo naomba. Yule mtoto ni wako kwanza, ni wangu baadaye. Kama mimi sifiki, Wewe fika!" Nikamnyoshea kidole. Nikanyamaza nisikie, nikaanza tena.

Nilipogeuka, basi zima lilikuwa nyuma yangu, simu juu mikononi. Kijana mmoja mchimba dhahabu tayari alikuwa anapanda kichuguu.

"Mama, umepata mtandao hapa? Wa kampuni gani?"

"Mtandao gani?"

"Si ulikuwa unaongea na simu? Tumekusikia unamgombeza mtu."

"Simu yangu ilizimika Makongolosi."

Akanikodolea macho. "Sasa ulikuwa unamgombeza nani?"

Nikamwonyesha juu. Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikaona sielemewi tena. Yule kijana hakushuka. Alikaa juu ya kichuguu peke yake kitambo, simu ameitia mfukoni. Aliposhuka alikuwa na macho mekundu. Sikumuuliza, nilimpa parachichi.

Springi ilikuja. Nani aliivunja sijui, aliyeileta namjua.

Sikonge

Tulishuka Sikonge siku moja baada ya ile tuliyotegemewa. Bi Zuhura akasema hanunui asali kabla hajanifikisha. Tukamuuliza muuza maji stendi nyumba ya mwalimu Atupele.

"Nyuma ya mashine ya kusaga. Mtaiona tu, pana watu wengi."

"Watu wa nini?"

"Sijui, mama. Tangu jana wapo."

Bi Zuhura akanishika mkono, tukaongeza mwendo.

Tukapita mashine. Nikaona turubai. Chini ya turubai wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga vichwani, nyuso chini. Wanaume wamekaa pembeni kwenye viti, hawaongei. Nyuma sufuria kubwa ziko kwenye mafiga, na wanawake wawili wanakata kitu, machozi yanawatoka. Mlangoni amesimama mkwe wangu Masanja, ameshika jogoo, uso wa mtu ambaye hajalala.

Sasa ninyi mtasema, "Bibi, si ungeuliza?" Kwetu msiba hauulizwi. Ninyi wenyewe mnajua. Ukiona turubai na wanawake wamekaa chini, unaanza kulia tangu njiani. Unafika unalia, unaanguka, unalia na wenyewe. Ukishapumua ndipo unauliza ni nani. Anayeingia kwenye msiba akiuliza kwanza, huyo ameingia kama anaingia dukani, na watu watamsema mpaka wajukuu zake.

Nikatua mzigo. Nikafunga kanga kiunoni. Nikapiga yowe lililotoka Lufingo.

Nililia kwa Kinyakyusa, maana kwa Kiswahili sijui kulia. Nikaanguka, nikagaragara kwenye vumbi la Wanyamwezi, namwambia Mungu kwa nini asinichukue mimi niliyekwisha kula ndizi zangu zote. Bi Zuhura, ambaye kwao kulia kwa makelele hakutakiwi, lakini amezaliwa Tukuyu, akakaa chini na yeye, kanga kiunoni, ananishika mabega.

Wale wanawake wakainua vichwa. Wakaona bibi waliyekuwa wanamngoja, yuko chini, analia kwa lugha wasiyoijua. Wakadhani nimepata habari ya kifo njiani. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa kiongozi wao wa maombi, anaitwa Mama Neema, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi. Alipoanza huyo, wakafuata wote. Wanaume wakasimama. Masanja akamwachia jogoo, akakimbia kuniinua, akiwa karibu kunigusa akakumbuka mimi ni mama mkwe wake, akasimama na mikono imenyooka mbele kama sanamu ya shamba la mpunga, naye akaanza kulia. Jogoo akapita kwenye vitunguu.

Mlango ukafunguka. Akatoka Atupele, amekonda, kilemba kimelegea. "Mama! Ni baba? Baba amekufa?" Akaniangukia.

Nikamkumbatia nikiendelea kulia. Nikalia kidogo, nikagundua kwamba mtu ninayemlilia ndiye niliyemshika.

Nikanyamaza ghafla.

"Gwe! Wewe uko hai?"

"Niko hai, mama. Baba je?"

"Baba yako yuko nyumbani, anakula. Hapa amekufa nani?"

"Si wewe unayejua, mama?"

"Nitajuaje? Nimefika sasa hivi!"

Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Mama Neema akafuta pua kwa kanga. "Kwa hiyo... hakuna marehemu?"

Bi Zuhura akaangalia nyuma ya nyumba. "Bado. Lakini yule jogoo amesogea karibu na sufuria."

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia harusini. Watu walishikana. Wale wawili wa vitunguu wakakaa chini kabisa. Nikaelezwa: basi lilipokosa kufika na simu yangu haipatikani, majirani walikuja kuniombea safari, wakakesha, na turubai lilikuwa la kunipokea mimi. Kumkinga mgeni na mvua na jua.

Lakini Atupele hakucheka. Alikuwa bado analia begani kwangu. Nilidhani ni hofu, itapita. Haikupita, ikashuka chini zaidi. Halafu ikapata maneno. "Alikuwa na nywele nyingi, mama. Mtoto wangu. Nywele nyingi mpaka shingoni."

Mama Neema akaja haraka, kwa upendo, akamshika mkono. "Mwalimu, nyamaza. Mshukuru Mungu. Mtu wa imani halii."

Na hapo nikauona ugonjwa wote, kama unavyouona mwamba maji ya mto yakipungua. Tangu siku ya kuzika, kila alipofungua mdomo walikuwa wanaufunga kwa neno zuri. Walimpenda. Walimletea unga, walimtekea maji, walifunga kwa ajili yake. Ila kulia walimkataza, na yeye akatii, maana ni mtoto niliyemlea kutii. Mtu ambaye halii mbele ya Mungu, akipiga magoti atasema nini kingine?

Nikasema, "Mama, ndaga, asante sana kwa yote. Sasa mwache."

"Tunamtia nguvu, mama yetu."

"Nguvu anazo, ametunza machozi miezi yote hii. Yesu mwenyewe alisimama kaburini kwa rafiki yake akalia, na alikuwa anajua kwamba sasa hivi atamwita atoke. Wewe imani yako inamzidi?"

Mama Neema akakaa kwenye mkeka, polepole, akasema kama anajiambia, "Mimi wangu alikuwa wa kike." Akaanza na yeye.

Nikamuuliza Atupele mtoto anaitwa nani. Akasema hawakumpa jina, waliambiwa hakuna haja. Nikamwambia, "Haja ipo. Ni mjukuu wangu. Anaitwa Lusajo, maana yake baraka." Masanja aliposikia jina alikaa chini palepale alipokuwa, akajifunika uso.

Nikawaambia wote, "Turubai lipo. Watu wapo. Chakula kipo. Msiba nao upo, ila ulichelewa kuanza."

Tukamlilia Lusajo mpaka jua lilipopinda. Tukaimba. Mzee wa kanisa akaomba, akamtaja kwa jina. Kisha tukala. Jogoo naye tulimla.

Na Atupele, katikati ya makelele ya sahani, akalala. Alilala pale mkekani, kichwa juu ya gunia la ndizi zangu. Watu walikuwa wanaruka miguu yake kupeleka chai, haamki. Masanja akaja akasimama mbali kwa heshima, akaninong'oneza, "Mama, analala." Nikamwambia, "Naona. Sogea, unamzibia upepo."

Siku za Sikonge

Msidhani aliamka mzima. Mbombo ngafu, kazi ni ngumu, na kazi ya moyo ni ngumu kuliko jembe. Kuna siku alikaa kitandani mpaka saa sita. Daktari alikuwa amemwambia arudi kuzungumza na yule dada wa ushauri, akawa hataki. Nikamwambia, "Utakwenda. Mungu ndiye aliyempa yule dada masikio." Akaenda, mimi nimekaa nje kwenye benchi nachambua mchicha wa watu.

Sala ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. "Mama, sina maneno."

"Basi usiseme. Mimi nitasema, wewe utaitika amina."

"Na hiyo ikinishinda?"

"Kohoa. Mungu atajua ni wewe."

Kila asubuhi tulikaa jikoni, uji unachemka. Mimi nasema yangu marefu, nikimaliza nangoja. Siku za mwanzo kimya. Halafu asubuhi moja, "Khm." Nikaendelea kukoroga uji kana kwamba sikusikia. Baada ya hapo akawa anakohoa kila siku, na siku nyingine anakohoa kabla sijamaliza, naona nimemchosha. Jumapili ikaja amina, ndogo, nusu yake imebaki kooni.

Kisha kuna siku nilikuwa naomba, nimefika kwa waumini wote duniani, nikasikia pembeni yangu, "Mama, umesahau mguu wa baba."

Nikasema, "Basi mwombee wewe."

Akauombea. Aliuombea mguu, akamwombea Masanja, akamwombea Mama Neema na binti yake yule wa zamani, na wanafunzi wake, mmojammoja kwa majina, na uji ukaungua. Tuliula ulioungua. Masanja alisema ni mtamu. Kwa Wanyamwezi wote huyo ndiye mwongo ninayempenda.

Siku hiyo nikajua naweza kurudi.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na kisa. Basi halikuvunjika, nilivaa njano, Bi Zuhura aliuza nusu ya asali yake ndani ya basi kabla hatujafika Chunya.

Nilifika Lufingo jioni, mvua ileile niliyoiacha. Nikakaa nikawasimulia: Babu yenu, Ipyana, na watoto. Mkamwana alikuwa nyuma ya ukuta anasikiliza, kwa kuwa haketi mbele ya baba mkwe wake. Nilipofika kwenye jogoo walicheka mpaka ukuta nao ukacheka. Nilipofika kwenye nywele nyingi mpaka shingoni, Babu yenu alivua kofia. Akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mzee yule, sijamwona hivyo tangu alipomzika mama yake.

Ipyana akanyanyuka, akamshika bega. "Baba, nyamaza. Hayo yameshapita."

Nikapiga kigoda kwa kiganja.

"Ipyana, kaa chini. Hapo karibu yake, kaa. Na nyote sikieni, hata wewe uliye nyuma ya ukuta. Kuanzia leo, mtu akilia katika nyumba hii, asiambiwe nyamaza. Mkae naye mpaka amalize. Akimaliza, muombe. Mkiomba, mle. Haya, mmoja akaweke maji ya chai jikoni, na wengine msiondoke."